Watoto 60, projekta moja: katuni za Hollywood au filamu za mbali?

Kila Juni na Desemba shule zikifunga hapa Nyanda za Juu Kusini, swali ni lile lile. Umeazima projekta, una darasa au ukumbi wa kanisa, na watoto 60 wa rika mchanganyiko wanasubiri. Uwawekee katuni kubwa za Marekani, ambazo wameshazijua kwa picha za mabegi yanayouzwa soko la Mwanjelwa, Mbeya? Au uwawekee filamu za Iran, Japani, Senegali na Ufaransa ambazo hata wazazi wao hawajawahi kuzisikia?

Wengi hukimbilia katuni kwa kuwa zimezoeleka, na kilichozoeleka huonekana si cha kigeni. Hapo ndipo tunapokosea. Kwa mtoto wa Mafinga au Ileje, filamu ya Marekani ni ya kigeni sawasawa na ya Iran. Inazungumza Kiingereza, lugha asiyoisikia nyumbani. Vichekesho vyake vimejengwa juu ya maisha ya kule: basi la njano la shule, matangazo ya televisheni yao, waimbaji wao. Sasa chukua filamu ya Kiirani ambamo mvulana anatumwa kwa fundi viatu, anapitia duka ambalo familia yake inadaiwa, kisha anafika shuleni amechelewa na kumkuta mkuu wa shule akimsubiri. Mtoto wa Kihesa hahitaji kuelezwa hata kimoja kati ya hivyo.

Basi msimamo wangu ni huu. Kwa watoto wa miaka 3 hadi 5, katuni fupi za Kiswahili na si zaidi. Kuanzia 6 hadi 8, filamu zisizotegemea maneno, ziwe katuni au za watu. Kuanzia miaka 8 au 9, filamu za mbali zinazohusu watoto zinawafaa zaidi kuliko katuni kubwa za Hollywood, ila kwa sharti moja: awepo mtu wa kuzisoma kwa sauti, kwa Kiswahili. Bila msomaji huyo, rudi kwenye katuni, maana filamu bora kuliko zote isiyoeleweka ni picha zinazopita tu.

Wale wadogo kabisa niwamalize mapema. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Filamu ya dakika 90 imeshavuka hapo. Akili and Me, katuni inayotengenezwa Dar es Salaam na shirika la Ubongo, imetungwa kwa ajili ya umri huo, vipande vyake ni vifupi, na Akili mwenyewe ni mtoto wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Onyesha vipande viwili, kisha wadogo watoke nje wacheze na mtu mzima mmoja. Tatizo la maonyesho mengi ni kwamba dada wa miaka 10 huja na mdogo wake mgongoni, na hakuna aliyefikiria mdogo huyo atafanya nini dakika ya 40. Panga hilo kabla hujapanga filamu.

Kasi

Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Virginia, Lillard na Peterson, waliwagawa watoto 60 wa miaka minne katika makundi matatu. Kundi moja lilitazama katuni ya kasi kwa dakika 9, la pili kipindi cha taratibu cha elimu, la tatu likachora. Mara baada ya hapo wakawapa majaribio ya kutulia, kukumbuka maagizo na kujizuia. Waliotoka kwenye katuni ya kasi walifanya vibaya zaidi. Utafiti huo haukupima madhara ya muda mrefu, wala hausemi kwamba katuni huharibu akili. Unachotuonyesha sisi tunaopanga maonyesho ni jambo dogo lenye faida: usiweke filamu ya kasi halafu ukategemea mazungumzo mazuri mara taa zinapowashwa.

Katuni kubwa za leo hukata picha kila baada ya sekunde chache, na maneno hayapumziki. Mtu mzima anayejua Kiingereza anafuata bila taabu. Mtoto asiyekijua anabaki na rangi, kelele na nyuso. Ukweli ni kwamba nyuso hizo zimechorwa kwa ustadi mkubwa, na ndiyo maana watoto wetu huondoka wakidai wameelewa. Waulize mhusika aliondoka nyumbani kwa nini. Utapewa majibu sita tofauti.

The Lion King ya mwaka 1994 ni mfano mzuri wa pande zote mbili. Majina yake mengi ni ya kwetu: Simba, Rafiki, Pumbaa. Mtoto anayasikia na kuchangamka. Lakini mazungumzo karibu yote ni Kiingereza. Disney ilipotengeneza sauti za lugha ya Kiafrika kwa filamu hiyo, ilichagua Kizulu. Pamoja na hayo, filamu hiyo inaeleweka kuliko katuni nyingi zilizofuata, kwa sababu kisa chake kikuu, yaani baba, mwana na baba mdogo mwenye wivu, kimesimuliwa kwa picha. Ukitaka katuni ya Hollywood kwa ukumbi usiojua Kiingereza, tumia kipimo hicho. Zima sauti, tazama dakika 15 za katikati, kisha jiulize kama bado unajua nani anataka nini. Kama hujui, na wao hawatajua.

Kifo cha mzazi

Hili nalikalia kidogo kwa sababu ya mahali tulipo. Watafiti waliochapisha katika jarida la tiba la BMJ mwaka 2014 walilinganisha katuni 45 maarufu, kuanzia ya mwaka 1937 hadi za 2013, na filamu za watu wazima za miaka ileile. Wahusika wakuu wa katuni walikuwa kwenye hatari ya kufa mara mbili na nusu zaidi, na wazazi ndio walioathirika kupita wote. Ni mbinu ya kale ya kisa: mwondoe mzazi ili mtoto aanze safari.

Sasa weka hilo Njombe. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2016 na 2017 ulikuta maambukizi ya asilimia 11.4 kwa watu wazima Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya, mikoa mitatu iliyoongoza. Kwa hiyo katika ukumbi wowote wa watoto 60 Nyanda za Juu Kusini, wamo wanaolelewa na bibi, na wengine wamezika mzazi wakiwa na umri wa kukumbuka. Filamu yenye kifo cha mzazi haiwi haramu kwao. Inaweza hata kuwapa maneno. Lakini anayeonyesha lazima ajue dakika ya tukio, awaambie walezi mapema, na awe na mtu mzima aliyekaa katikati ya watoto, si mlangoni. Tukio likipita, usisimamishe filamu ili uhutubie. Mtoto aliyeguswa anahitaji bega karibu yake, hahitaji watoto 59 wamgeukie.

Kuhusu woga wa kawaida, mtafiti wa Marekani Joanne Cantor alilichunguza kwa miaka mingi, na matokeo yake ni rahisi kutumia. Mtoto wa chini ya miaka 7 au 8 huogopa anachokiona: sura mbaya, jino, mtu anayegeuka kiumbe kingine. Mkubwa zaidi huogopa kinachoweza kutokea kweli: moto, wezi, mama kuumwa. Ndiyo maana kumwambia wa miaka minne kwamba ni uongo, ni picha tu, hakusaidii. Mshike mkono, mpe kitu cha kukumbatia, mgeuze. Kwa wa miaka 10, maelezo yanasaidia.

Filamu zenyewe

Majina nayaandika kama yanavyoandikwa kwenye filamu zenyewe, kwa sababu ndivyo utakavyozipata ukitafuta.

Anza na Le Ballon rouge ya Albert Lamorisse, Ufaransa, 1956. Dakika 34, maneno machache mno, mvulana na puto jekundu linalomfuata mitaani Paris. Hakuna filamu rahisi kuliko hii ya kufungulia mlango. Tahadhari ni moja: karibu na mwisho puto linashambuliwa kwa mawe na linasinyaa taratibu, na watoto wadogo hulia kweli. Usizime hapo hata umeme ukisuasua, maana dakika zinazofuata ndizo zinazowainua.

Flow, katuni ya Latvia ya 2024, haina neno hata moja kwa karibu dakika 85. Ni paka na wanyama wengine ndani ya mashua, maji yamefunika nchi. Ilishinda Oscar ya katuni mwaka 2025, tena imetengenezwa kwa Blender, programu ya bure ambayo kijana yeyote wa Mbeya anaweza kuipakua leo. Kwa wa miaka 8 kwenda juu ni nzuri sana. Kwa wa miaka 5, paka anayekaribia kuzama mara kwa mara ni mzigo mzito.

My Neighbor Totoro ya Hayao Miyazaki, Japani, 1988, dakika 86. Haina adui. Dada wawili wamehamia kijijini na baba yao, mama yuko hospitalini, na msituni kuna kiumbe kikubwa chenye manyoya. Mashamba ya mpunga yatamfanya mtoto wa Kyela ajione yuko kwao, na tukio la kusubiri basi kwenye mvua, muda mrefu bila maneno, litaeleweka Tukuyu kuliko mahali pengi duniani. Kuna sehemu baba anaoga pamoja na binti zake, jambo la kawaida Japani. Waambie walezi kabla, usiwaache wakutane nalo ghafla. Halafu shika hili kwa makini: Totoro ilitoka siku moja na Grave of the Fireflies, katuni ya studio ileile, Ghibli, kuhusu watoto wawili wanaokufa njaa wakati wa vita. Aliyeambiwa tu alete katuni ya Ghibli anaweza kuja na hiyo. Neno katuni halikuhakikishii chochote. Tazama filamu nzima mwenyewe kabla ya watoto.

Kirikou et la Sorcière ya Michel Ocelot, 1998, ndiyo ninayoipigania kuliko zote kwa mikoa hii. Ocelot alikulia kwa kiasi Guinea, sauti za wahusika zilirekodiwa na Wasenegali mjini Dakar, muziki ni wa Youssou N'Dour. Kijiji cha Afrika Magharibi kinateswa na mchawi Karaba. Chemchemi imekauka, wanaume wametoweka, na watu wote wanasema amewala. Kirikou, mtoto mdogo kuliko wote, anauliza swali ambalo hakuna mkubwa anayeliuliza: kwa nini Karaba ni mbaya? Akienda kutafuta jibu anagundua kwamba maji yalikuwa yakinywewa na kiumbe pangoni, kwamba wanaume hawakuliwa, na kwamba Karaba ana mwiba uliochomekwa mgongoni na watu, unaomtesa usiku na mchana.

Fikiria filamu hiyo Songwe au Mbeya vijijini, ambako neno lambalamba, yaani wanaojidai kufichua wachawi, si geni na bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni anaweza kunyooshewa kidole. Wapo watakaosema filamu yenye mchawi isionyeshwe kabisa kwenye ukumbi wa kanisa. Mimi naona kinyume. Kisa chake kizima kinawafundisha watoto kuchunguza kabla ya kumhukumu mtu kwa uvumi, bila hata mara moja kuwahubiria. Lakini usiionyeshe kwa kushtukiza. Zungumza na mchungaji, padri au mwalimu mkuu, mwonyeshe filamu yote, na mweleze wazi kwamba wanawake wa kijiji wako kifua wazi na Kirikou yuko uchi, kama ilivyokuwa katika vijiji vya zamani. Wasambazaji wa Marekani na Uingereza waliikwepa kwa muda kwa sababu hiyohiyo. Mzee akikataa baada ya kuiona, heshimu, na uwe na Totoro kwenye flashi.

Kisha filamu za watu halisi. Children of Heaven ya Majid Majidi, Iran, 1997, dakika 89. Ali anapoteza viatu vya dada yake Zahra, wazazi hawana fedha, basi wanagawana jozi moja ya raba: Zahra anavaa asubuhi, anakimbia kurudi, wanabadilishana kichochoroni, Ali anakimbia kwenda shule mchana. Kwa wanafunzi wanaosoma kwa awamu mbili kwa uhaba wa madarasa, hakuna cha kueleza. Baadaye yanakuja mashindano ya mbio ambayo zawadi ya mshindi wa tatu ni viatu, na ukumbi mzima utasimama. Andaa nafasi ya kusimama. Kuna picha moja fupi karibu na mwisho, ya baiskeli ya baba na alivyobeba, ambayo watoto huikosa kwa kuwa haisemwi kwa maneno. Wasioiona wanaondoka wakidhani kisa kimeishia kwenye huzuni. Rudisha nyuma sekunde 20 na uionyeshe mara ya pili. Mbali na mapumziko, ni mahali pekee ninaporuhusu kusimamisha filamu.

La Petite Vendeuse de soleil ya Djibril Diop Mambéty wa Senegali, 1999, ni ya dakika 45 tu. Binti anayetembea kwa magongo anaamua kuuza magazeti mitaani Dakar, kazi ya wavulana, na wavulana hawampendi kwa hilo. Urefu wake unafaa alasiri yenye baridi, na mtoto mwenye ulemavu aliyemo ukumbini anamwona mtu kama yeye akiongoza kisa bila kuonewa huruma. Where Is the Friend's House ya Abbas Kiarostami, 1987, naiacha kwa wa miaka 10 na zaidi: mvulana anavuka kilima kurudisha daftari la mwenzake, na filamu inakwenda kwa mwendo wake wa miguu. Watoto wa Makete na Ludewa wanaovuka vilima kwenda shule watamwelewa. Wa mjini watachoka dakika ya 30, na hilo si kosa lao.

Msomaji

Maandishi ya chini hayatoshi, na sababu iko kwenye lugha yenyewe. Kiswahili hubana sentensi nzima katika neno moja. Sitavipoteza ni neno moja lenye silabi sita, na mtoto wa darasa la pili anayesoma silabi kwa silabi hajafika katikati kabla halijafutika. Watengenezaji wa maandishi ya filamu hujiwekea mipaka ya mistari miwili, herufi 42 kwa mstari, sekunde 7 kwa kikomo, lakini mipaka hiyo iliwekwa kwa macho ya watu wazima. Jipimie: andika ubaoni mistari miwili ya herufi 35 kila mmoja, funika, funua kwa sekunde 4, funika tena. Kama nusu ya darasa haiwezi kukueleza kilichoandikwa, unahitaji msomaji. Chini ya darasa la nne, usitegemee wapite.

Kila mtu hapa anajua filamu za kutafsiriwa za vibanda umiza, mtindo ambao Lufufu aliufanya maarufu: mtafsiri anawapa wahusika majina, anaongeza vichekesho, anatangulia kusimulia kinachokuja. Ni sanaa halali na kwa filamu za ngumi inanoga. Kwa filamu za watoto inaua. Ukimya wa Totoro kwenye kituo cha basi akijazwa maneno, hakuna tukio tena. Msomaji wa watoto ana kazi tatu: kusema kilichosemwa, kwa ufupi, na kunyamaza filamu inaponyamaza.

Maandalizi yanachukua siku mbili. Tazama mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili, kaa na daftari la kurasa 40, chora safu tatu, uandike muda, anayesema, na maneno ya Kiswahili. Usitafsiri yote. Salamu, majibu ya ndiyo na hapana, na maneno yanayoonekana usoni yaache. Utashangaa filamu inavyosimama kwa theluthi ya maneno yake. Mara ya tatu soma kwa sauti huku filamu ikienda, ufute kila sentensi inayokufanya ukimbie. Kama unakimbia, watoto hawakusikii.

Punguza sauti ya filamu, lakini usiizime. Watoto wanahitaji kusikia Zahra akilia kwa Kiajemi. Maana wanaipata kwako, uchungu wanaupata kwake. Msomaji akae kando ya spika, mbele, ili sauti yake itoke upande uleule wa picha. Akikaa nyuma, watoto watageuka kumtazama. Wasomaji wawili ni bora kuliko mmoja, wa kike na wa kiume, na wanafunzi wa darasa la sita wanaosoma vizuri hufanya kazi hii kwa bidii ya ajabu wakipewa daftari wiki moja kabla. Pale ambapo wadogo bado wanaongea Kikinga, Kinyakyusa, Kisafwa au Kihehe zaidi ya Kiswahili, soma kwa lugha hiyo. Hakuna kampuni itakayotengeneza Totoro ya Kikinga, lakini msomaji mmoja wa Makete anaweza kuitengeneza saa 9 alasiri.

Ukiamua kutumia maandishi kwa wakubwa, faili la srt, yaani lenye maandishi ya filamu, linafunguka kwenye programu yoyote ya kuandikia: namba, muda, maneno. Badilisha maneno, usiguse muda. Lipe jina lilelile la filamu na uliweke folda moja na filamu, vinginevyo TV nyingi hazitaliona. Unapohifadhi chagua UTF-8, na tumia alama ya king'ong'o iliyonyooka, siyo ile iliyopinda inayowekwa na programu nyingi za kuandikia. Iliyopinda ndiyo inayogeuza ng'ombe kuwa ngâ€™ombe mbele ya ukumbi. Maandishi yakiwahi au kuchelewa kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, kwenye VLC, programu ya kuchezea filamu, ya kompyuta ya Windows bonyeza H kuyachelewesha au G kuyawahisha. Yakizidi kuachana na picha kadiri muda unavyokwenda, faili hilo lilitengenezwa kwa nakala ya fremu 25 kwa sekunde na yako ni ya 24, na kufikia saa moja yatakuwa yamewahi kwa takriban dakika mbili na nusu. Hapo tafuta faili jingine. Flashi yenye mfumo wa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, na TV za zamani hutoa sauti bila picha kwa filamu zilizobanwa kwa mtindo wa H.265. Nakala ya H.264 inacheza karibu kila mahali.

Ukumbi

Jambo ambalo watu wa Dar hawalijui: hewa yetu ni nyepesi. Mbeya mjini iko mita 1,700 hivi, Njombe inazidi 1,800, na projekta nyingi hutaka ziwekwe kwenye hali ya mwinuko ukivuka mita 1,500. Ipo kwenye menyu kwa jina la High Altitude. Ukiiacha, feni inazunguka kana kwamba uko pwani, taa inapata joto, na filamu inakatika dakika ya 50 bila sababu inayoonekana. Ukiiwasha feni inapiga kelele zaidi, basi isogeze projekta mbali na msomaji.

Picha ya upana wa mita 2 inatosha watoto 60, na mstari wa kwanza ukae mita 3 nyuma yake. Projekta za kawaida zinahitaji mita 3 hadi 4 kupata upana huo, kwa hiyo itakuwa katikati ya watoto. Iweke juu ya meza mbili zilizobebana na kufungwa kamba, uache njia ya kupita pembeni ili vichwa visikate mwanga. Shuka jeupe libandikwe ukutani. Likining'inia hewani sehemu ya mwanga inapita nyuma na upepo unalitikisa. Anza saa 8 mchana, madirisha yafunikwe kwa turubai au mablanketi, ili watoto wafike makwao kabla ya jua kuzama saa 12 na nusu. Juni na Julai sakafu ya saruji ni barafu: mikeka juu ya magunia, na mapumziko ya dakika 10 yenye uji wa moto katikati.

Mvua kwenye mabati haina dawa. Rungwe kati ya Novemba na Mei, ikianza kunyesha hakuna subufa wala msomaji atakayesikika, na mtu akipandisha sauti ni kelele juu ya kelele. Ndiyo maana kwenye flashi yangu Flow na Le Ballon rouge hukaa daima, hata siku iliyopangiwa filamu nyingine. Wingu likishuka kutoka Mlima Rungwe, badilisha.

Umeme: projekta wati 300, laptopu 65, subufa 60, jenereta dogo la wati 800 linabeba vyote. Liweke nyuma ya jengo mita 30, upande usio na madirisha. TANESCO ikikata na kurudi ghafla, usiwashe projekta mara moja; subiri taa ipoe dakika tano, uwape watoto kazi ya kubashiri kitakachofuata.

Na ruhusa. Kutazama nyumbani ni jambo moja, kuonyesha ukumbini ni jingine: unahitaji idhini ya mwenye filamu, na maonyesho ya hadhara yako chini ya Bodi ya Filamu Tanzania kwa Sheria Na. 4 ya 1976. Anzia kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri yako, wiki tatu au nne kabla, ukiwa na jina la filamu, urefu wake, umri wa watazamaji na maelezo ya kisa ya nusu ukurasa.

Filamu ikiisha usiulize imetufundisha nini. Wataimba jibu la shuleni. Uliza: ni wakati gani uliogopa? Ungekuwa wewe, ungemwambia baba kuhusu viatu? Kisha kaa kimya, uhesabu hadi kumi. Wa kwanza kujibu huwa ni mmoja wa wale waliokaa nyuma kabisa.